Nyungunyungu Wanaokufa Wiki ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuwafuga na Kuvuna Mbolea Yao kwa Mazingira ya Moshi

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu wa Uru ananunua kilo moja ya nyungunyungu, anawamwaga kwenye samadi aliyoizoa bandani asubuhi hiyo hiyo, anafunika vizuri na gunia. Siku ya tatu anafunua: wengi wamelegea, wengine wameshaoza, waliobaki wanapanda ukutani wakitafuta pa kutokea. Wa Pasua wake wamekauka. Wa Marangu wake wamemalizwa na siafu usiku mmoja. Halafu wote watatu wanasema waliuziwa minyoo wabovu.

Mara nyingi minyoo hawana kosa. Tandiko ndilo lililowaua, na tandiko huandaliwa wiki mbili au tatu kabla nyungunyungu hawajafika nyumbani. Ukishika hilo moja, nusu ya kazi imekwisha.

## Nyungunyungu gani hasa?

Nyungunyungu ana mwili wa pingili, ni ndugu wa ruba. Askarisi na tegu wanaokaa matumboni mwa watu ni jamii nyingine kabisa, kwa hiyo mama anayezuia watoto wasimshike kwa kuogopa minyoo ya tumbo atulie. Cha kuangalia ni samadi yenyewe, na hilo linamalizwa na maji na sabuni.

Jambo la kuweka kichwani kabla ya kununua hata msumari: mnyama huyu hana mapafu. Anavuta hewa kupitia ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Ikikauka, anakosa pumzi. Akizama kwenye maji yasiyo na hewa, anakosa pumzi vile vile. Chumvi, mkojo na majivu mengi humuunguza. Karibu kila onyo utakalolisoma hapa chini linatokana na ngozi hiyo.

Wapo wa namna mbili unaoweza kukutana nao. Wale wanene, wa kijivu au rangi ya udongo, unaowakuta ukilima kwa jembe, huchimba chini na kula udongo. Ukiwafungia kwenye sanduku la samadi hawakai. Waache kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa; wana kazi yao, nitaifikia.

Wanaofaa kufugwa ni wale wanaoishi juu juu, kwenye vitu vinavyooza. Anayeuzwa zaidi duniani ni Eisenia fetida: mwekundu, mwembamba, ana mistari hafifu, ukimshika anajipindapinda kwa kasi. Mwingine ni Eudrilus eugeniae, asili yake Afrika Magharibi, mkubwa zaidi na mwenye rangi ya zambarau inayong'aa. Huyu anakua haraka lakini hapendi baridi. Kama uko Kibosho juu au Machame juu, ambako Julai watu wanaota moto, chukua Eisenia. Kwa wa Moshi mjini na kuelekea Kahe, wote wawili wanakubali.

Usikimbilie kununua mbegu nyingi. Muulize ofisa ugani wa kata au kikundi cha wakulima kilichoanza. Pia funua samadi kuukuu iliyopoa, au kigogo cha mgomba kilicholala chini hadi kikaoza: ukikuta vyekundu vyembamba vimejazana, hao ni wa juu juu, unaweza kuanza nao.

## Mahitaji

Nimepiga hesabu ya sanduku la mita moja kwa mita moja. Linatosha kujifunzia, na likikufia halikufilisi.

- Nyungunyungu kilo 1 (ukipata nusu kilo pia inatosha, utasubiri kidogo)
- Samadi ya ng'ombe debe 10; ikioza itanywea
- Vigogo na magome makavu ya mgomba, debe 5, yakatwe vipande vya inchi mbili
- Maboksi au magazeti yasiyo na nailoni, kiasi cha debe 1 yakichanwa
- Mabanzi au mbao zisizotiwa dawa, za kutosha sakafu, miguu na kuta za sentimita 45, grevilea inafaa
- Kokoto debe 2 na neti ya mbu kuukuu
- Kipande cha bomba na ndoo ya kukingia maji yanayochuja
- Magunia mawili matatu ya katani, na waya wa kuku
- Makopo manne makubwa na oili chafu kidogo
- Nondo ya futi tatu, keni ya kumwagilia, reki ndogo ya mkono, chekeche

Katika orodha hiyo watu huwa wanaruka makopo na nondo. Msiruke.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Weka sanduku penye kivuli siku nzima: ubavuni mwa banda, chini ya paa la mabati lenye nafasi ya hewa, au kihambani katikati ya migomba ukijenga kipaa kidogo. Jua la saa saba la Februari mjini Moshi linatosha kuchemsha sanduku dogo hadi katikati. Nyungunyungu wanastawi kati ya nyuzijoto 15 na 25. Joto likipita 35 wanaanza kufa.

Epuka pale maji ya masika yanapopita. Epuka pia chini ya paa linalovuja: sehemu moja ikilowa kila mvua inaponyesha, minyoo watakusanyika kona nyingine na chakula kitaozea upande usiokaliwa.

Utajua mahali panafaa ukiweka kiganja ardhini saa nane mchana na kuhisi ubaridi.

## Hatua ya 2: Tengeneza sanduku

Linyanyuliwe kwa miguu, angalau futi moja kutoka chini. Miguu iwe imara kwelikweli, kwa sababu likijazwa kokoto na samadi yenye maji linapita kilo 200. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na vijiko viwili vya oili chafu juu yake. Hii ndiyo ngome yako dhidi ya siafu. Isifanyike "baadaye kidogo".

Sakafu iinamie upande mmoja, utoboe tundu na kupachika bomba, chini yake ndoo. Mwaga kokoto, sawazisha, tandika neti juu yake ili tandiko lisishuke na kuziba njia ya maji. Juu ya sanduku weka fremu yenye waya wa kuku. Kuku akishaonja mara moja, hamtaelewana tena.

Anayetaka kujenga kwa matofali na simiti ajenge, ila akimaliza alijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kwa wiki mbili. Simiti mpya ni kali kwa ngozi laini. Na kwa kuwa sanduku la tofali haliwezi kusimama kwenye makopo, azungushie kimfereji cha maji.

Mwaga maji keni moja kabla ya kuendelea. Yakitoka yote kwa bomba na sakafu isibaki dimbwi, umefaulu.

## Hatua ya 3: Poza samadi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Samadi mbichi ikirundikwa inachemka. Lundo kubwa lililochanganywa na majani linaweza kupita nyuzi 60 katikati. Kwa juu unaona limetulia, kumbe ndani ni jiko. Pia inatoa hewa kali ya amonia, ile inayokuwasha macho ukiingia banda lisilosafishwa, na amonia haihitaji kuwa nyingi kumuua nyungunyungu.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu hawaisemi. Sanduku la minyoo halipati joto, kwa hiyo huwezi kulitegemea kuua mbegu za magugu wala vijidudu vya magonjwa. Joto la kuua vitu hivyo linapatikana sasa hivi, kwenye lundo, kabla ya minyoo. Ukiruka hatua hii utasambaza magugu kwenye bustani yako mwenyewe.

Fanya hivi. Zoa samadi ya ng'ombe, upande ambao mkojo hautuami. Changanya debe 10 za samadi na debe 3 za mgomba uliokatwakatwa. Rundika kivulini, nyunyizia maji hadi ilowe bila kuchuruzika, funika kwa majani ya mgomba. Igeuze kila baada ya siku tatu, ya ndani ije nje na ya nje iingie ndani. Mjini wiki mbili au tatu zinatosha. Huko juu kwenye baridi, ipe hadi nne.

Kupima, chomeka nondo hadi katikati, subiri dakika tano, ichomoe na kuikamata papo hapo kwa kiganja. Ukiiachia haraka, bado. Ukiishika na kuhesabu hadi ishirini bila shida lakini ina uvuguvugu, bado pia. Geuza, subiri siku tatu, rudia. Samadi iliyo tayari inatoa nondo yenye ubaridi ule ule wa hewa, rangi yake imekuwa kahawia nzito, na harufu ni ya udongo wa msituni.

Sasa maonyo, na haya yameshaua masanduku mengi.

Dawa ya minyoo ya ng'ombe. Ng'ombe akinyweshwa au kuchomwa dawa ya minyoo, sehemu ya dawa inatoka kwenye kinyesi. Samadi yake ya wiki nne zinazofuata iende kwenye lundo lingine la migomba, isifike kwenye sanduku. Vivyo hivyo samadi iliyodondokewa dawa ya kupe siku ya kumpulizia ng'ombe.

Takataka za chini ya kahawa iliyopuliziwa. Dawa za kopa (madini ya shaba) zinazotumika dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, hubaki kwenye udongo miaka mingi, na kopa ni sumu kali kwa nyungunyungu. Usichukue udongo wala majani ya chini ya mibuni iliyopuliziwa kwa ajili ya tandiko. Mwenye aina chotara zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, zinazostahimili magonjwa hayo mawili, ana afueni hapa.

Samadi ya kuku. Kali mno, iache. Ya mbuzi na sungura ni nzuri sana, ila iloweke kwanza ilainike.

Maganda ya kahawa kutoka mashine ya kukoboa: yanapatikana bure msimu wa mavuno, na minyoo huyala, lakini mabichi yana uchachu. Yaozeshwe peke yake kwa wiki kadhaa, kisha changanya sehemu moja ya maganda na tatu za samadi iliyopoa.

## Hatua ya 4: Tandiko

Chukua maboksi na magome makavu ya mgomba, yaloweke usiku mzima, yakamue. Tandaza juu ya neti kimo cha kiganja. Hiki ndicho kitanda chao. Chakula kikiharibika hapo juu, wanakimbilia huku.

Juu yake weka samadi iliyopoa, sentimita 15 hadi 20, usiishindilie. Nyunyiza ngumi mbili za udongo wa kawaida kutoka kwenye kihamba kisichopuliziwa, maana nyungunyungu hana meno na anahitaji chembechembe za mchanga za kusagia tumboni.

Unyevu unapimwa hivi: chota tandiko ngumi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawasawa. Yakichuruzika, acha wazi likauke. Kisipotoka kitu, ongeza maji taratibu kwa keni.

Funika kwa gunia lenye maji, liache siku tatu. Chomeka nondo tena. Wakati mwingine samadi iliyokuwa imepoa inachemka upya ikipata maji na hewa, na heri ujue sasa.

## Hatua ya 5: Watangulize ishirini

Usimwage wote. Weka nyungunyungu ishirini kona moja jioni, funika, njoo kesho jioni.

Wakiwa wameshuka chini, wana uhai na wanajikunja ukiwagusa, tandiko limekubali. Wakiwa wameng'ang'ania ukutani, wamevimba sehemu sehemu, au wametoa majimaji ya manjano, kuna kitu kibaya: joto, amonia au dawa. Watoe, geuza tandiko, limwagilie maji mengi yapite hadi kwenye ndoo, subiri wiki, jaribu tena.

Wenye haraka husema hatua hii inachelewesha. Ni saa ishirini na nne dhidi ya kilo nzima ya mbegu. Sioni ubishi.

## Hatua ya 6: Ingiza waliobaki

Waingize jioni. Watandaze juu, usiwachanganye kwa mkono wala koleo. Mwanga hawaupendi, kwa hiyo watashuka wenyewe. Baada ya saa moja, waliobaki juu bila kujisogeza wameumia safarini, watupie kuku.

Siku mbili tatu za mwanzo acha taa ndogo ya sola ikiwaka juu ya sanduku usiku kucha. Wageni hutangatanga gizani, na usiku wa mvua ndio wanaohama. Taa inawabakiza chini hadi wazoee.

Kwa wiki nzima usiwafukue. Najua mkono unawasha. Inua gunia tu: ukiona uso wa tandiko una vijishimo na vinyesi vidogo vyeusi, wameshahamia.

## Hatua ya 7: Lisha kidogo, kwa upande mmoja

Mazingira yakiwa mazuri, nyungunyungu hula karibu nusu ya uzito wao kwa siku. Kilo moja ingekula kilo tatu na nusu kwa wiki, ila wiki mbili za mwanzo usivuke kilo moja. Tandiko lenyewe ni chakula.

Wape samadi iliyopoa kama mlo mkuu. Ongeza maganda ya ndizi, ya viazi, ya parachichi, majani ya mboga yaliyonyauka, majani ya chai yaliyopikwa, maboga yaliyooza. Maganda ya mayai yaliyopondwa hupunguza uchachu. Machicha ya mbege (pombe ya ndizi) kidogo tu, yakiwa yamechuja, maana yanachacha na kupandisha joto.

Wasipewe nyama, samaki, mafuta, wala kiporo chenye chumvi au magadi. Ndimu, machungwa, pilipili na vitunguu kwa wingi vinawafukuza. Majani yaliyopuliziwa dawa ya magugu, hapana kabisa.

Fukua kishimo upande mmoja, weka chakula, funika kwa tandiko. Zamu ijayo upande mwingine. Sababu ni mbili: inzi hawapati pa kutagia, na chakula kikiharibika minyoo wana pa kukimbilia. Usiongeze hadi kile cha kwanza kiwe karibu kuisha. Chakula kingi huoza kabla hawajakifikia, na uozo unaleta joto na uvundo, basi umerudi pale pale pa hatua ya tatu.

## Hatua ya 8: Maji, baridi na joto

Kiangazi cha Januari hadi masika yaanze, mjini mwagilia kidogo kila baada ya siku moja au mbili na uloweshe gunia la juu. Usiku wa Juni na Julai huko milimani ongeza unene wa tandiko na magunia mawili makavu juu. Masika angalia paa na bomba; likiziba na mizizi au matope, maji yanapanda kimya kimya.

Ukifunua ukakuta minyoo wote wamejazana juu karibu na gunia, chini kumejaa maji au kumekosa hewa. Zibua bomba, changanya maboksi makavu yaliyochanwa. Wakiwa wamejikusanya katikati chini kabisa, juu kumekauka.

Harufu ndiyo mlinzi bora. Sanduku lenye afya linanuka udongo uliopata mvua. Likinuka chochote kingine, lifungue.

## Hatua ya 9: Siafu na wengine

Siafu wanastahili sehemu yao. Wanakuja hasa mvua zinapoanza, usiku, kwa msafara, na wakiingia hawabakizi. Maji na oili kwenye makopo yanawazuia, lakini ukoka mmoja ukigusa sanduku, au ufagio ukiegemezwa, umewajengea daraja. Fyeka mita moja kuzunguka. Mwaga majivu makavu kwenye duara hilo, na uyabadilishe mvua ikiyalowesha. Majivu yabaki nje. Ndani ya sanduku yanaunguza.

Ukikuta wameshaanza kuingia, usipulize dawa ya wadudu. Utaua siafu na nyungunyungu pamoja. Wakate msafara kwa majivu ya moto chini ya miguu, mwagilia kwa nguvu waliomo juu ya tandiko, uondoe safu ya juu kwa reki. Minyoo wengi watakuwa wamezama chini.

Panya wakubwa na vyura wanazuiwa na waya. Sisimizi wadogo weusi ni dalili kwamba sanduku limekauka: ongeza maji, wataondoka. Utitiri mwekundu unaotambaa juu ya chakula unasema kuna maji mengi na uchachu. Acha kulisha wiki moja, nyunyiza maganda ya mayai.

## Hatua ya 10: Vuna

Baada ya miezi miwili hadi mitatu samadi haitambuliki tena. Imekuwa nyeusi, nyepesi, ya chembe chembe, kama kahawa iliyokwisha kuchujwa. Huo ni wakati.

Njia rahisi: acha kulisha kwa siku kumi. Sukuma vyote upande mmoja wa sanduku, upande ulio wazi weka tandiko jipya na chakula wanachokipenda, boga lililooza au ganda la parachichi. Mwagilia upande mpya tu. Kwa wiki mbili hivi wengi watahamia wenyewe, nawe utazoa ile ya zamani.

Mwenye haraka amwage kwenye nailoni mahali penye mwanga, sio jua kali, atengeneze kilima. Minyoo wanakimbia mwanga kwenda chini. Kila baada ya dakika kumi kwangua juu, hadi mwishoni kibaki kitita cha minyoo watupu.

Angalia kabla ya kuchekecha: utaona vijipunje vya manjano au kahawia, vya milimita tatu hivi, vyenye ncha. Hivyo ni vifuko vya mayai, na kila kimoja hutoa watoto kadhaa. Huanguliwa kwa wiki tatu au nne, na watoto hufikia kuzaa baada ya kama miezi miwili. Rudisha makapi ya chekeche sandukuni na mayai yatarudi nayo. Kila nyungunyungu ana sehemu za kiume na za kike, ila bado lazima wakutane wawili. Ile habari ya kumkata katikati ili upate wawili ni uongo. Utapata maiti na majeruhi.

Mbolea ihifadhiwe kwenye viroba vyenye matundu, kivulini, ikiwa na unyevu kidogo. Ukiianika juani unaua vijidudu vyema ambavyo ndivyo vilivyokufanya uhangaike.

## Kuitumia bila kuipoteza

Nitasema wazi: kwa naitrojeni pekee mbolea hii haishindani na Urea, yenye asilimia 46. Ya nyungunyungu huwa na asilimia moja au mbili hivi. Nguvu yake iko kwenye kuulainisha udongo, kushika maji, na kulisha mche polepole bila kuuunguza. Anayeitandaza kwenye ekari nzima ya mahindi anajichosha.

Iweke penye faida. Kwenye viriba vya miche ya kahawa au parachichi, sehemu moja ya mbolea kwa tatu au nne za udongo wa msituni na mchanga. Kwa sukuma wiki, nyanya na mnafu, ngumi moja kwenye kila shimo. Mgomba unaodhoofika upewe koleo mbili tatu, nusu mita kutoka shinani, kisha matandazo juu. Migomba mingine iendelee kupata samadi ya kawaida kama ilivyozoea.

Maji yanayochuja kwenye ndoo yachanganywe, sehemu moja kwa kumi za maji safi, na yamwagwe kwenye udongo wa miti na maua. Yasinyunyizwe kwenye saladi au mboga zinazoliwa mbichi, kwa kuwa yamepitia samadi na chakula kisichomalizika kuoza.

Minyoo wakizidi, kuku wanaiona sikukuu. Nyungunyungu mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na vifaranga hukua nayo vizuri.

## Wale wa kihambani

Nilisema wale wanene wa kijivu wana kazi. Mashimo yao ndiyo yanayopitisha mvua ya masika iingie ardhini badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni. Wanavuta majani chini, wanayasaga, na wanapandisha udongo wa chini juu. Ndege wanaookota nyuma ya jembe wanawategemea. Hawa hawafugwi, wanawekewa mazingira.

Acha kuchoma majani ya mgomba. Yalaze chini yawe matandazo mwaka mzima. Kopa ipulizwe inapohitajika tu. Palizi ya jembe zito ikipungua, nao wanaongezeka.

Kujua hali yao, subiri masika yalowanishe udongo vizuri. Chimba shimo la futi moja kwa futi moja, kina cha futi moja, mwaga udongo kwenye gunia na uuchambue kwa vidole. Wakipita kumi, kihamba kina afya. Wakiwa chini ya watano, pima sehemu mbili zaidi, moja karibu na mibuni na moja mbali nayo. Tofauti ikiwa kubwa, shaka ya kwanza ni kopa. Zikilingana kwa uhaba, ongeza matandazo na urudie kupima masika yajayo, mita chache kutoka mashimo ya kwanza.